Chama cha Wanawake Kikifunga Vitabu, Chuo cha Kilutheri Kinapoteza Nini?

Tangu 2018 habari zimekuwa zikifuatana. Kwanza kilifungwa Chuo cha Concordia cha Selma, Alabama. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Concordia ya Portland, Oregon, na 2021 ya Concordia ya Bronxville, New York, iliyokuwa ikifundisha tangu 1881. Machi 2023 Chuo Kikuu cha Finlandia huko Hancock, Michigan, kilichoanzishwa na wahamiaji wa Kifini mwaka 1896, kilitangaza kwamba hakitaandikisha wanafunzi tena. Mwaka uliofuata wakuu wa Concordia ya Ann Arbor, Michigan, wakasema shughuli za kampasi yao zitapunguzwa kwa kiasi kikubwa. Vyote hivi ni vyuo vya Kilutheri vya Marekani, na kila habari ya namna hiyo inapotoka wachambuzi huhesabu mambo yaleyale: udahili, madeni, ada, idadi ya vijana wanaomaliza sekondari. Kisha, mahali fulani karibu na mwisho, hutokea aya moja ya huruma kuhusu akina mama wa kanisa waliokuwa wakioka keki na kushona mapazia ya mabweni, kwamba nao wamezeeka, vyama vyao vimebaki na wanachama wachache, vingine vimekwisha kufunga vitabu. Aya hiyo husomwa kama kumbukumbu ya mambo ya zamani, na mjadala unarudi kwenye mizania.

Naona aya hiyo ndiyo ilipaswa kutangulia. Tumekizoea chama cha wanawake cha chuo kama kijifuko kilichokaa pembeni, cha kununulia vitu ambavyo bajeti haikuvifikiria, na kwa hiyo kikifa tunapima hasara kwa dola kilizokuwa kikileta. Kipimo hicho hakifai. Chama hicho ndicho kilichozifanya sharika ziseme "chuo chetu" na kumaanisha. Kupitia kwake habari za chuo zilifika kwa watu ambao hawakusoma pale, na habari za watu hao zikafika chuoni. Chuo kinachokiacha kife bila kuweka kitu mahali pake kinabaki shule ya binafsi, ndogo na ya bei ghali, ikishindana na shule nyingine mia zinazofanana nayo. Na katika ushindani wa namna hiyo jina la Luther peke yake halimleti mwanafunzi.

Kwa msomaji asiyevifahamu vyama hivi, ni vizuri kuanza na jambo linalosahaulika haraka: wanachama wake wengi hawakuwa wahitimu wa chuo. Vyuo vingi vya Kilutheri vya Marekani vilianzishwa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 na wahamiaji Wajerumani, Wanorwe, Waswidi, Wadani na Wafini waliotaka wachungaji na walimu wanaojua lugha yao na imani yao. Vilijengwa kwenye miji midogo ya mashamba, na fedha ilikuwa ya shida. Vingine havikupokea hata wasichana: Luther College ya Decorah, Iowa, ilianza 1861 na haikupokea wanafunzi wa kike hadi miaka ya 1930. Ina maana mama wa Kinorwe aliyekuwa akifuma, akiuza kwenye mnada wa chama cha wanawake wa usharika wake na kutoa fedha hizo kwa kazi ya kanisa, alikuwa akiisaidia shule ambayo yeye na binti yake wasingeweza kukaa darasani mwake. Alifanya hivyo kwa sababu mchungaji wake alitoka pale, mwalimu wa watoto wake alitoka pale, na huenda mwanawe angekwenda pale. Mhitimu hukipenda chuo kwa yale kilichomfanyia yeye. Mama huyu alikihesabu kuwa kiungo cha usharika wake, kama mnara wa kengele au makaburi yaliyo nyuma ya kanisa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni Valparaiso, Indiana. Chuo hicho kilianzishwa na Wamethodisti mwaka 1859, kikakua sana, kikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 kilikuwa kikitafuta mnunuzi. Mwaka 1923 Ku Klux Klan, lile kundi la wabaguzi wa kizungu, ilijaribu kukinunua, ikashindwa. Mwaka 1925 kikachukuliwa na umoja huru wa Walutheri wa Sinodi ya Missouri, mojawapo ya makanisa makubwa ya Kilutheri ya Marekani. Kwa kuwa sinodi yenyewe haikuwa mmiliki, hapakuwa na bajeti ya sinodi ya kukiegemeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, wanawake wakaunda Gildi, yaani chama chao cha kukisaidia chuo hicho, ikawa na matawi katika sharika za majimbo mengi. Bweni moja pale lilipewa jina lao. Sasa ruka miaka tisini. Mwaka 2023 uongozi wa chuo ulitangaza mpango wa kuuza picha tatu kutoka kwenye jumba lake la sanaa, mojawapo ikiwa ya Georgia O'Keeffe, mchoraji mashuhuri wa Marekani, ili kupata fedha za kukarabati mabweni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walimu na wapenda sanaa walipinga, na suala likafika mahakamani.

Watu walibishana kwa uchungu kuhusu picha zile, na walikuwa na haki ya kubishana. Mimi nilibaki nikiwaza mabweni. Sidai kwamba akina mama wa leo wangeweza kuchanga mamilioni ya dola ya ukarabati ule, wasingeweza. Lakini zamani chuo kilipohitaji bweni, palikuwa na chombo cha kupelekewa hitaji hilo, chombo kilicholibeba hadi kwenye vyumba vya chini vya makanisa, kwenye kahawa baada ya ibada, kwenye mikutano ambako mtu aliweza kuuliza "kwa nini bweni, na si maabara?" na akajibiwa. Mwaka 2023 hitaji la bweni lilitoka ofisini moja kwa moja hadi kwenye ukuta wenye picha. Watu wa sharika walilisikia kwenye magazeti, sawa na mtu mwingine yeyote.

Nitoe ushuhuda mmoja, maana bila huo sijui kama ningeliona jambo hili. Nilisoma mwaka mmoja katika chuo kimoja cha Kilutheri cha majimbo ya kati. Siku moja ya vuli chama cha wanawake kilifanya mkutano wake wa mwaka chuoni, nasi wanafunzi tukaombwa kubeba viti na kukaa nao mezani. Niliyekaa naye alikuwa mama wa umri wa bibi yangu, ameshika daftari la mistari lenye jalada la bluu lililochakaa pembeni. Nilidhani ni la mahesabu ya fedha. Alipolifungua niliona safu za majina ya sharika, upande wa kushoto, na mbele ya kila usharika miaka na majina ya vijana waliokwenda chuoni kutoka pale. Baadhi ya sharika zilikuwa na mstari mtupu kwa miaka sita au saba. Alikuwa amezizungushia kalamu ya risasi. Akaniuliza dirisha la chumba changu linafungika sawasawa, akaandika jibu langu, kisha akaniambia kwamba mwezi ule atapanda gari kwenda kwenye usharika mmojawapo wenye mstari mtupu, kunywa kahawa na akina mama wa pale. Nilipomuuliza kama ofisi ya udahili ndiyo iliyomtuma, hakunielewa. Ilibidi nirudie swali.

Daftari lile ndilo ninalolifikiria ninaposikia hoja ya kwanza dhidi ya vyama hivi, kwamba fedha zao ni kidogo mno. Hesabu yenyewe siipingi. Ada ya wastani inayotangazwa na vyuo binafsi vya Marekani imepita dola 40,000 kwa mwaka. Mfuko wa kudumu wa dola 25,000, ambao chama cha sharika za mashambani kinaweza kuchukua miaka mingi kuujenga, hutoa kama dola 1,000 au 1,250 kwa mwaka, kwa kuwa vyuo kwa kawaida hutumia asilimia 4 hadi 5 tu ya mfuko. Kiasi hicho hakimsomeshi mtu hata mwezi. Methali yetu ya haba na haba hujaza kibaba haisaidii sana hapa, kwa sababu kibaba cha chuo cha Marekani hakijai kwa senti. Hata hivyo lazima tuitazame ada hiyo inayotangazwa kwa macho makavu. Vyuo hivi, kwa wastani, huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu yake, kwa sababu kila kimoja kinagombea kijana yuleyule na kinamvuta kwa punguzo. Wanafunzi ndio wanaokosekana. Kila mwanafunzi mmoja asiyekuja ni maelfu ya dola yaliyopotea kwa miaka minne, na kumtafuta huyo mmoja kwa matangazo, kwa orodha za majina zinazonunuliwa na kwa maofisa wanaosafiri, kuna gharama yake. Mama mwenye daftari alikuwa akifanya kazi hiyo bila malipo, akijua jina la bibi wa kijana, na akiwa na haki ya kukaa jikoni kwao. Mizania inaandika keki zake. Safari yake ya kahawa haina mstari.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Inasema vyuo vimekuwa na ofisi za kitaalamu za kutafuta fedha, zenye watu waliosomea kazi hiyo, na mfadhili mmoja mkubwa huleta kwa barua moja kile ambacho matawi hamsini ya akina mama yasingekileta kwa kizazi kizima. Ni kweli, na ningekuwa mkuu wa chuo nisingeifunga ofisi hiyo. Ila fedha zina tabia, kulingana na zinakotoka. Mfadhili mkubwa huja na jengo analolitaka, au na somo analolipenda, au na jina lake. Mkopo huja na tarehe. Mkataba wa biashara huja na mwenye mkataba. Concordia ya Portland iliongeza wanafunzi kwa maelfu kupitia masomo ya mtandaoni chini ya mkataba na kampuni iitwayo HotChalk. Chuo kilipotangaza kufunga, kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kudai zaidi ya dola milioni 300. Sihukumu nani alikuwa na haki katika kesi ile. Ninachokiona ni chuo kilichokua haraka sana kikiwa kimeegemea watu wasiokuwa wake. Fedha ya wanawake wa sharika ilikua polepole mno, na polepole hiyo ilikuwa na faida yake: haikuweza kukiruhusu chuo kikue kupita watu waliokibeba. Wanaosema ofisi ya wataalamu imechukua nafasi ya chama wamelinganisha vitu viwili visivyofanya kazi moja. Ofisi hutafuta watu wenye uwezo wa kutoa. Chama kilikuwa kikiwatengeneza watu wa kujali.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua, na sitaki kuipita upesi. Inasema vyama hivi vilikuwa mahali pa kuwaweka wanawake wasikae kwenye meza ya maamuzi: wapike, washone, wachange, na wanaume waamue. Ushahidi upo. Katika Sinodi ya Missouri, mkutano mkuu wa 1969 ndio ulioziruhusu sharika kuwapa wanawake kura. Sinodi ya Wisconsin, kanisa jingine la Kilutheri la Marekani, hadi leo haiwapi wanawake kura katika mikutano ya usharika. Hata ile mikondo ya Kilutheri iliyoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1970 ilikuwa imewatumia kwa karibu karne nzima kama wachangaji wasio na sauti. Anayesema kwamba binti wa leo, mhasibu au daktari, hana sababu ya kuingia kwenye chama kinachomwomba alete keki ilhali anaweza kuketi kwenye bodi ya wadhamini, ninakubaliana naye. Bodi ndiyo mahali pake.

Lakini historia ina upande wake wa pili. Mahali ambako mwanamke hakuwa na kura ya usharika, chama kilikuwa na mwenyekiti wake, katibu wake, mweka hazina wake, na kura yake juu ya fedha yake. Wanawake wa Sinodi ya Missouri walipounda ligi yao ya kimisioni Chicago mwaka 1942, ilikuwa miaka 27 kabla ya sinodi kuiruhusu kura yao, na tayari walikuwa wakiamua wenyewe fedha zao ziende kwenye kazi gani. Na tukirudi Selma, kwenye chuo cha kwanza katika orodha niliyoanza nayo, tunamkuta mwanamke kwenye mzizi. Rosa Young, mwalimu mweusi wa mashambani Alabama, alifungua shule yake Rosebud mwaka 1912. Wadudu wa pamba walipoangamiza mazao na wazazi wakashindwa ada, alimwandikia Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mashuhuri wa Wamarekani weusi, kuomba msaada, naye akamshauri awaandikie Walutheri. Kutoka kwenye barua hiyo zilizaliwa shule na sharika nyingi za Walutheri weusi katika jimbo lile, na mwaka 1922 chuo cha Selma. Hakuwa mchungaji, hakuwa na kura, hakuwa na ofisi ya kutafuta fedha. Alikuwa akiijua njia ya kila kijiji. Kwa hiyo hoja ya usawa, ambayo naiunga mkono, inatudai tuwape wanawake bodi bila kuwanyang'anya chombo walichokijenga wenyewe. Vyuo vingi vilifanya nusu moja tu: vikawaweka wanawake wawili watatu kwenye bodi, wengi wao wakichaguliwa kwa uwezo wa mali au taaluma, na wale mamia wa sharika wakabaki bila mlango.

Imebaki hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba vyama hivi vinakufa kifo cha kawaida. Kizazi kimepita, vijana hawapendi mikutano, kanisa lenyewe linapungua, basi tuwashukuru akina mama na tuwape cheti. Kupungua kwa kanisa ni kweli. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilipoundwa 1988 lilikuwa na waumini zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 3. Sinodi ya Missouri imeshuka kutoka karibu milioni 2.8 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya milioni 2. Lakini kama kifo hiki kingekuwa cha kizazi tu, kingeua vyama vyote kwa pamoja, navyo havifi kwa pamoja. Ligi ile ya 1942 bado ipo. Inaendelea kuchangisha kwa visanduku vidogo vya sadaka vinavyokaa juu ya kabati au karibu na sinki, wanawake wakitumbukiza sarafu kwa kumkumbuka yule mjane wa Injili ya Marko na senti zake mbili, na lengo lake la kila miaka miwili limekuwa zaidi ya dola milioni 2. Huko New Ulm, Minnesota, chama cha wanawake wa Chuo cha Martin Luther, kinachowaandaa wachungaji na walimu wa Sinodi ya Wisconsin, kiliendelea na kazi miaka ambayo vingine vilikuwa vikifunga vitabu. Wanawake hawa wanaishi katika nchi ileile, wana shughuli zilezile, na kanisa lao nalo linapungua.

Tofauti, kwa jinsi ninavyoiona, iko kwenye jambo moja: kama chuo bado kinazihitaji sharika au la, na kama sharika zinalijua hilo. Chuo cha New Ulm kinafundisha walimu wanaokwenda kwenye shule za sharika hizo hizo. Mama anayetoa dola 20 leo atamwona mwalimu aliyetoka pale akimfundisha mjukuu wake. Katika ligi, wajumbe wanawake wenyewe ndio wanaopigia kura miradi. Pale ambapo chuo kiliacha kuwatazama watu wa sharika kama wenye chuo, kikaanza kuwatazama kama soko, chama kilikosa cha kufanya. Mara nyingi haikuwa nia mbaya. Majina ya wanachama yalihamishiwa kwenye orodha ya ofisi ya wahitimu. Mkutano wa mwaka ukaondolewa kwenye ukumbi mkubwa kwa sababu ukumbi ulikodishwa. Taarifa ya mkuu wa chuo, aliyokuwa akiisoma mwenyewe mbele yao na kujibu maswali, ikawa karatasi ya rangi inayokuja kwa posta. Ukishamwondolea mtu swali na jibu, unamwachia keki tu, na hakuna binti atakayeacha kazi yake Jumamosi kwa ajili ya keki. Kuita hicho kifo cha kawaida ni kuwatwika wazee lawama ya uamuzi uliofanywa ofisini.

Muda ni suala la haki kabisa. Mwanamke wa 1950 katika mji mdogo wa Iowa alikuwa na mchana ambao mwanamke wa leo hana, na yeyote anayetaka kukirudisha chama kilivyokuwa, na mikutano yake ya Jumatano saa nane, atafute kwanza nani atakayekuja. Ndiyo maana sitetei ratiba ya zamani, wala mapazia. Ninatetea mambo matatu ambayo chama kilikuwa nayo na ambayo hayahitaji mchana wa Jumatano: kundi la watu wasio wahitimu lenye haki ya kuuliza, fedha ambayo kundi hilo linaamua lenyewe, na mtu mwenye daftari. Kama kundi hilo litawapokea wanaume pia, sawa. Kama litakutana kwa simu jioni, sawa. Kama mwenyekiti wake atakaa kwenye bodi ya wadhamini kwa haki ya kiti, hilo lingekuwa bora kuliko yote niliyoyataja.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili, jambo hili haliko mbali. Yale mablanketi ya viraka yaliyofika kwenye hospitali na makambi ya wakimbizi ya Afrika Mashariki yalishonwa na wanawake hawa hawa, na sharika za eneo la Saint Paul, Minnesota, zimeshikana na Dayosisi ya Iringa kwa miongo zaidi ya mitatu kwa jina la Bega kwa Bega. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) leo lina waumini wengi kuliko kanisa lile la Marekani lililosaidia kujenga vyuo vyake. Nasi tuna akina mama wanaonadi ndizi, mayai na kuku nje ya kanisa kila Jumapili, na tuna vyuo vyetu vinavyohangaika. Sijawahi kusikia mnada wa aina hiyo ukitajwa kwenye mkakati wa chuo kikuu chochote cha kanisa. Unatajwa kwenye ujenzi wa paa la usharika, halafu tunaandika maombi ya msaada kwenda Minnesota, ambako mwenye daftari la bluu ana miaka themanini.

Kwa vyama vilivyofikia kura ya mwisho huko Marekani, liko suala la kisheria ambalo naona wengi hawaambiwi. Mwaka 2006 iliandaliwa sheria ya mfano juu ya mifuko ya taasisi za hisani, na karibu majimbo yote yameipitisha. Kwa kawaida, mfuko uliotolewa kwa masharti hauwezi kubadilishwa masharti bila ridhaa ya mtoaji au ya mahakama. Lakini kuna kipengele cha mifuko midogo na ya zamani: kama thamani yake haifiki dola 25,000, kiwango ambacho baadhi ya majimbo yamekibadilisha, na umetimiza zaidi ya miaka 20, chuo chenyewe kinaweza kubadilisha masharti yasiyotekelezeka au yanayopoteza fedha, mradi kimjulishe mwanasheria mkuu wa jimbo na kusubiri siku 60, na matumizi mapya yalingane na nia ya mtoaji. Sheria hiyo ina busara yake, maana hakuna anayetaka kwenda mahakamani kwa ajili ya dola 9,000. Ila maelezo yake, mdogo na wa zamani, ndiyo maelezo ya karibu kila mfuko ulioachwa na chama cha wanawake. Na chama kikishavunjwa, mtoaji wa kuulizwa ridhaa hayupo tena. Barua itakwenda kwa mwanasheria mkuu, ambaye hakuwahi kunywa kahawa na mtu yeyote wa pale.

Kwa hiyo kabla ya kupiga kura ya kuvunja chama, mweka hazina aombe chuo orodha ya mifuko yote iliyotolewa na chama tangu mwanzo, salio la kila mmoja, na nakala ya masharti yake. Pale ambapo masharti hayakuandikwa vizuri, yaandikwe sasa, wakati waliotoa bado wapo na wanakumbuka walichotaka. Utajwe usharika, au umoja wa wanawake wa wilaya, utakaorithi haki ya kuulizwa. Na yale madaftari ya majina ya vijana na miaka yao yapigwe picha, kila ukurasa, nakala moja ibaki usharikani na nyingine ipelekwe ofisi ya udahili pamoja na mtu wa kuwaeleza duara la kalamu ya risasi lina maana gani.